Kupiga Linux kwa kufuata mwongozo: mbona hatua zote umefuata na bado umekwama?

Tangu Microsoft wasitishe apdeti za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna ushauri mmoja unazunguka kila grupu, la mafundi, la wanachuo, mpaka la ukoo: laptopu yako haipokei Windows 11? Piga Linux. Ushauri wenyewe mi sina ugomvi nao. Shida inaanzia pale mtu akisema haya sawa, napigaje sasa, anarushiwa linki ya mwongozo, anaenda, anasoma, anarudi na maswali mengi kuliko aliyoenda nayo, na anachojibiwa ni "si imeandikwa hapo kila kitu, soma vizuri". Kiukweli imeandikwa. Ila mwongozo wa kusakinisha mfumo ni maandishi yenye ugumu wake, na wengi wanaoyaandika hawajui kama wanaandika kitu kigumu, wanajua tu kwamba wao kompyuta zao ziliwaka.

Kwanza tutoe presha. Kompyuta yenye Windows 10 haikufa Oktoba ile. Inawaka, inafanya kazi, ila mashimo mapya ya usalama yanayogundulika hayazibwi tena, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye ule mpango wa nyongeza ambao kwa mtumiaji wa kawaida mwisho wake ni 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo hakuna sababu ya kupiga Linux usiku wa manane kwa hofu halafu ukafuta picha za harusi ya dada yako.

Tuwekane sawa na maneno. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayosimamia kompyuta nzima, Windows ni mmoja, macOS mwingine, Linux mwingine. Kwa usahihi Linux ni kiini tu, alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, watu wakakizungushia vitu vingine mpaka ukapatikana mfumo kamili wa kumpa mtu atumie, na mifumo hiyo iliyokamilishwa ndo inaitwa distro: Debian ya 1993, Ubuntu ya 2004, Linux Mint ya 2006 na nyingine kibao. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, ruksa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Nyingi ni za bure lakini ubure si ndo maana yake. ISO ni faili moja kubwa lenye mfumo wote ndani, unaliandika kwenye flashi, halafu unaiambia kompyuta iwakie kwenye flashi badala ya diski yake ya ndani, na huko kuwakia ndo kubuti.

Basi, hayo yanatosha kuanzia.

Sasa mwongozo. Chukulia unamwelekeza mgeni nyumbani kwako. Umekaa mtaa huo miaka, unamwambia "ukishuka kituoni vuka barabara, nyoosha mpaka pale palipokuwa na duka la Mangi, kata kulia, nyumba ya geti". Kwako imenyooka kabisa. Mgeni hajui ashuke upande upi, barabara anaziona mbili, duka la Mangi lilishavunjwa na nyumba zote siku hizi zina geti. Hujamdanganya hata neno moja na bado kapotea. Tofauti ni kwamba mgeni aliyepotea anapiga simu unamfuata bodaboda ikibidi, ila aliyekwama katikati ya kusakinisha yuko peke yake, Windows yake ishafutika, Linux haijakaa, intaneti aliyokuwa anaitegemea ilikuwa kwenye mashine hiyohiyo.

Hapo kuna jambo waandishi wengi hawalifikirii kabisa. Mtu anayesakinisha mfumo anasoma mwongozo wako kwenye simu, kwa sababu kompyuta ndo iko kwenye operesheni. Ina maana amri ndefu uliyoandika ukidhani atakopi na kupesti, hataikopi, ataichapa kwa mkono herufi moja moja akiangalia kioo kidogo, na jedwali lako la safu saba litakuwa limekatwa nusu. Ukilijua hilo peke yake mwongozo wako unabadilika: amri zinakuwa fupi, picha zinakuwa chache na zimekatwa kuonyesha kile tu kinachohusika, na juu kabisa unamwambia asevu ukurasa kabla hajaanza.

Mwongozo mmoja hauwezi kufaa watu wote

Watu wanasema Arch Linux wana nyaraka bora kuliko wote, mwingine anazifungua anasema hizi nyaraka gani hizi, na wote wawili wako sahihi. Mwongozo wa Arch ni ukurasa mmoja tu, hatua zake fupi fupi, kila neno limewekewa linki ya kwenda kusoma zaidi. Umeandikwa kwa mtu anayejua partisheni (vile vipande vya kugawia diski) ni nini na anayeweza kujitafutia. Kwa mtu huyo ni dhahabu, kwa fundi cherehani aliyenunua laptopu ya mtumba ni ukuta. (Hata wao tangu 2021 waliweka programu ya kusaidia kusakinisha ndani ya ISO yao.) Debian wamechukua njia nyingine, wana kitabu kizima, tena kila aina ya prosesa ina toleo lake la kitabu, na ndani yake nyuma kabisa kuna kiambatisho kifupi kwa mwenye haraka. Mtu anayeanza anafungua sura ya kwanza ya kitabu anakutana na historia ya Debian, anakata tamaa, hajui kwamba alichokuwa anatafuta kiko mwishoni.

Kuna mtu anaitwa Daniele Procida aliyegawa nyaraka za programu katika mafungu manne, na mgawanyo wake unasaidia kweli: kuna somo la kumfundisha anayeanza, kuna maelekezo ya kufanikisha kazi fulani, kuna rejea ya kuchungulia kama kamusi, na kuna ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo. Miongozo mingi ya kusakinisha inavurugika kwa sababu inachanganya yote manne. Uko hatua ya tatu, unasubiri kuambiwa bonyeza wapi, ghafla aya tano za faida za ext4 dhidi ya btrfs, namna mbili za kupanga mafaili kwenye diski. Yule jamaa hataki kujua, sa hivi anataka laptopu iwake. Weka huo ufafanuzi pembeni, mpe linki, endelea na safari.

Kwa hiyo kabla ya sentensi ya kwanza amua unamwandikia nani, halafu mwambie. "Mwongozo huu ni kwa mwenye laptopu ya Windows anayetaka kufuta kila kitu na kuweka Linux Mint peke yake." Sentensi hiyo moja imeshawaokoa wote wanaotaka kuweka mifumo miwili pamoja, wataondoka mapema kabla hawajaumia.

Kuchagua faili

Mtu wa kawaida anakwama hata kabla ya kuanza kupakua. Anafungua ukurasa wa Debian anakuta amd64, yeye laptopu yake imebandikwa stika ya Intel, anasema hii si yangu. Anatafuta ya Intel haioni, akibahatisha anachukua arm64 kwa sababu ina 64 na yeye kaambiwa mashine yake ni 64-bit. Ukweli ni kwamba amd64 ni ya Intel na AMD zote, jina limekaa hivyo kwa sababu AMD ndo waliobuni upanuzi ule wa 64-bit na Intel wakaufuata, na arm64 ni kwa mashine za jamii ya Raspberry Pi na wenzake. Mwandishi mzoefu hawezi hata kukumbuka kwamba hili liliwahi kuwa swali. Ndo maana linakosekana kwenye miongozo mingi, na ni sentensi mbili tu.

Halafu bando. Hii wenzetu wa Ulaya hawaiwazi sana. ISO ya Ubuntu ya mezani siku hizi inazidi GB 5, Linux Mint iko karibu na GB 3, na Debian wana ile ndogo ya netinst isiyofika GB 1. Mwenye bando la kuhesabu atakimbilia ndogo, na mwongozo usipomwambia kwamba ile ndogo inavuta vitu vingine vyote kutoka mtandaoni wakati wa kusakinisha, atajikuta katikati ya safari bando limekata. Anayeandika kwa Kiswahili hiki kitu anatakiwa akiweke juu kabisa, pamoja na umeme: chomeka chaja, na kama mtaa wenu umeme unacheza na betri yako imechoka, subiri siku nyingine.

Kuna hatua ya kukagua faili ambayo watu wengi wanairuka kwa sababu miongozo inasema tu "hakiki SHA256" bila kusema kwa nini. Unachofanya ni kuipigia hesabu ISO uliyopakua upate mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, kwenye Windows unatumia `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, unalinganisha na ule waliotangaza wenye distro. Ikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika njiani, na kwa mtandao unaokatika katika hilo si jambo geni. Lakini hapo hujajua kama faili lenyewe limetoka kwa wenyewe. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, linki za toleo la 17.3 Cinnamon zikageuzwa ziwapeleke watu kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mvamizi kuingia kwenye kompyuta. Aliyeweza kugeuza linki angeweza kugeuza na mfuatano ulioandikwa pembeni yake, ndo maana kuna sahihi ya kidijitali, inayotengenezwa kwa programu ya GPG, ambayo mvamizi hawezi kuighushi bila kuwa na ufunguo wa siri wa wenye distro. Mweleze msomaji kisa hicho kwa mistari mitatu, atakagua. Ukimwamrisha tu, ataruka.

Hapa kwenye flashi na diski ndo watu wanalia

Hatua ya kuandika ISO kwenye flashi ina mtego mkubwa kuliko zote. Kwenye Windows watu wanatumia programu kama Rufus au balenaEtcher, unachagua flashi kwa jina na ukubwa, unaona unachofanya. Ila miongozo mingi ya zamani, hasa inayodhani tayari una Linux, inakupa hii:

`dd if=debian.iso of=/dev/sdX`

Ile X ni nafasi ya kujaza, si ya kuchapa ilivyo. Mwandishi anajua hivyo, msomaji hajui, na mwandishi mwingine akitaka kumrahisishia anaandika kabisa `/dev/sda`, ambayo kwenye kompyuta nyingi zenye diski za SATA ndo diski yenyewe ya ndani. Amri ya dd haiulizi "una uhakika?". Inaandika tu juu ya kilichopo, ukishituka vitu vimeenda. Kwa hiyo kama ni lazima uiandike amri ya hivyo, kwanza mwambie msomaji aorodheshe diski zake kwa `lsblk`, mweleze ataitambuaje flashi kwa ukubwa wake, mwambie kwenye mashine nyingi mpya diski ya ndani inaitwa nvme0n1, onyo uliweke KABLA ya amri wala si chini yake. Utashangaa ni miongozo mingapi inaweka onyo baada, mtu anasoma "angalizo: hatua iliyopita inafuta data zote" akiwa ameshabonyeza Enter.

Kanuni hiyo hiyo ya onyo mbele inahusu BitLocker, kufuli la diski la Windows. Laptopu nyingi za Windows diski yake imefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua. Akiingia BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla mfumo haujawaka) akazima Secure Boot (ulinzi unaozuia kubuti mfumo usiotambulika) kama mwongozo ulivyomwambia, halafu akabadili mawazo akataka kurudi Windows, anaweza kukutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo mara nyingi upo kwenye akaunti yake ya Microsoft, lakini nani anakumbuka nywila ya akaunti aliyofunguliwa na muuzaji dukani? Hili liwe la kwanza kabisa, kabla hajagusa BIOS: tafuta ufunguo, uandike kwenye karatasi. Na wala si kila distro inahitaji Secure Boot izimwe, Ubuntu na Debian zinabuti nayo ikiwa imewashwa.

Tukirudi kwenye mgeni wetu, maelekezo mazuri hayasemi tu kata kulia, yanasema ukikata kulia utaona msikiti, usipouona umepitiliza, rudi. Kwenye mwongozo kila hatua kubwa ingekuwa na vipande hivyo vitatu: fanya hivi, utaona hiki, usipokiona sababu ya kawaida ni hii. Mfano mmoja tu. Umebuti, umefika sehemu ya kuchagua diski, orodha iko tupu, hakuna diski. Msomaji anadhani diski imekufa. Kwenye laptopu nyingi za Intel sababu ni kwamba BIOS imeweka diski kwenye hali ya RST au RAID badala ya AHCI, hizo ni namna tofauti za kompyuta kuongea na diski. Mwandishi aliyejaribu kwenye kompyuta yake tu hataliandika hili, maana kwake diski ilionekana.

Na mwonyeshe mlango wa kutokea ulipo. Ubuntu na Mint zinabuti kutoka kwenye flashi na kukuruhusu utumie mfumo bila kugusa diski. Hapo ndo pa kujaribu waifai, sauti, kamera, mwanga wa skrini. Kikigoma kitu chomoa flashi, washa upya, Windows yako ipo. Miongozo mingi inairuka sehemu hii mbio mbio kwenda kwenye kitufe cha "Erase disk and install Ubuntu", wakati huo ndo mstari ambao ukiuvuka hakuna kurudi, na ungetakiwa upigiwe kelele.

Alama ndogo

Kwenye nyaraka za Linux amri huandikwa ikitanguliwa na alama ya dola au ya reli. `$ ` maana yake unaiandika kama mtumiaji wa kawaida, `# ` maana yake kama msimamizi mkuu. Alama zenyewe hazichapwi. Mgeni akizichapa, ile ya dola itamletea kosa "$: command not found", angalau atajua kuna tatizo. Ile ya reli ni mbaya zaidi, bash, ile programu inayopokea amri unazochapa, inaichukua kama maoni tu, haifanyi chochote, haisemi chochote, na mtu anaendelea hatua inayofuata akiamini ametekeleza. Ama eleza alama hizo mwanzoni, ama ziache kabisa uandike `sudo` mbele ya amri za msimamizi.

Na ukituma mwongozo kwa WhatsApp ujue nyota na mstari wa chini vinageuzwa kuwa maandishi mazito na ya mlazo, na ukiandikia kwenye Word zile dashi mbili zinaweza kugeuka dashi moja ndefu na alama za kunukuu zikapinda. Amri inaonekana ile ile kwa macho, kompyuta inaikataa. Tuma faili la txt.

Duka la Mangi

Uchakavu ndo ugonjwa wa miongozo ya programu huria, kwa sababu mfumo unabadilika na maandishi yanabaki mtandaoni yakiwa juu kwenye Google. Ushahidi mzuri ni Debian. Zamani ISO yao rasmi haikuwa na vile vijiprogramu visivyo huria vinavyohitajika na kadi nyingi za waifai, kwa hiyo kila mwongozo ulikuambia ukatafute ISO ya pembeni isiyo rasmi. Mwaka 2022 wanachama wakapiga kura kubadili, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 vitu hivyo vimo ndani ya ISO rasmi. Leo bado kuna mtu anahangaika kutafuta ISO ya pembeni kwa sababu kasoma maelezo ya 2019. Kinyume chake pia kipo: Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha mashine za 32-bit, na kuna video bado zinamwambia mwenye kompyuta ya zamani sana achukue Debian mpya bila wasiwasi. Andika toleo na tarehe uliyojaribu, juu, si chini kwa maandishi madogo.

Kuna wanaodhani anayefaa kuandika mwongozo ni yule aliyeandika programu yenyewe. Huyo ndo amekaa mtaa huo muda mrefu kuliko wote. Anafaa kukagua kama ulichoandika ni kweli, lakini aliyesakinisha juzi kwa mara ya kwanza bado anakumbuka alipojikwaa, na kumbukumbu hiyo inapotea haraka. Wengine wanadhani skrinshoti zinatosha, lakini skrinshoti ndo zinazochakaa mapema kuliko yote na haziwezi kutafutwa kwa maneno. Wengine wanataka mwongozo uwe mfupi. Ufupi mzuri ukiondoa porojo, mbaya ukiondoa hatua.

Kuhusu kuandika kwa Kiswahili, kazi ya istilahi haianzii sifuri. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, na maneno mengi tunayotumia yalipitia mikono kama ile. Ila kwenye mwongozo wa kusakinisha, kitufe kinachosomeka kwa Kiingereza kwenye skrini kiache kwa Kiingereza vile vile kilivyo, halafu eleza kwa Kiswahili kinafanya nini. Ukikitafsiri msomaji atakitafuta kwenye skrini asikione.

Kupima mwongozo hakuna ujanja, mpe mtu asiyejua, kompyuta isiyo na kitu cha thamani, kaa nyuma yake, funga mdomo. Hiyo ya kufunga mdomo ndo ngumu. Kila akisita, akirudi juu kusoma tena, akikuangalia usoni, weka alama kwenye sentensi hiyo. Usimsaidie, msomaji wa kweli hatakuwa na wewe nyuma yake.

Na ukikuta kosa kwenye mwongozo wa watu, programu huria ina uzuri huu: unaweza kulirekebisha. Ukurasa wa Arch Wiki unauhariri ukiwa na akaunti, mwongozo wa Linux Mint uko Read the Docs, tovuti ya kuweka nyaraka, na kuna mfumo wa kuutafsiri, wa Debian unaripoti hitilafu kwa barua pepe dhidi ya kifurushi kinachoitwa installation-guide. Taja toleo, taja sura, sema sentensi ilikuambia nini na wewe uliona nini kwenye skrini.